Dua za Ña Deolinda kwa Don Rolando

Mwaka ule Don Rolando Insfrán alipougua moyo, aliyemwombea kuliko watu wote wa Arroyo Pukú, mji wetu mdogo wa Paraguay, hakuwa mkewe wala padri. Alikuwa Deolinda Ovelar, Ña Deolinda kwa heshima, mfua jezi wa klabu, mwanamke aliyemchukia kuliko kifo. Jioni baada ya jioni alikwenda kanisani na mishumaa yake, akapiga magoti mbele ya Bikira mpaka sakristani akaanza kufunga madirisha kwa kelele ili aelewe.

Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wake. Siku moja tulirudi pamoja nikamwambia, "Ña Deolinda, una moyo wa malaika. Mtu aliyewatenda vile, nawe unamwombea?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyemwaga maziwa.

"Malaika gani, Zunilda? Akifa leo atazikwa na bendera ya klabu juu ya jeneza, na bendi nyuma. Padri atalia. Mimi nataka apone. Asife. Asife bado."

Na kweli alipona. Akarudi kutoka hospitali ya mji mkuu amenona kuliko alivyokwenda, na Deolinda akaendelea kumfulia mashati.

Ili uelewe chuki ile lazima nikueleze habari za Aníbal, mdogo wake. Baba yao alikufa mapema, mama yao alikuwa mgonjwa wa miguu, kwa hiyo Deolinda ndiye aliyemlea kijana yule mgongoni, akimpeleka hadi kwenye mabeseni ya klabu alikofanya kazi. Aníbal alikulia chini ya kamba za jezi. Alipofika umri wa kunyoa ndevu alikuwa tayari kipa wa timu ya wakubwa, mrefu, mkimya, mikono kama makasia. Mpira wa kona ukija alikuwa akiudaka kwa kiganja kimoja, na wazee wa jukwaani wakisema, "Huyu hadaki, huyu anachuma embe."

Don Rolando alikuwa mwenyekiti. Mtu wa maneno matamu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkarimu wa bia. Kila mtu mjini alikuwa na kitu alichopewa naye: bati, mfuko wa saruji, kazi ya mpwa. Ndiye aliyeifikisha timu yetu kwenye mechi ya kupanda daraja la kwanza, jambo ambalo Arroyo Pukú ilikuwa haijawahi kuliota. Tulikuwa tunacheza nyumbani na timu ya mji mkuu. Sare tu ilitutosha.

Asubuhi ya mechi pikipiki nyekundu ililetwa nyumbani kwa kina Ovelar, mpya, ina utepe. Aliyeileta alisema ni zawadi ya mashabiki. Mama yao alifurahi, akaiweka barazani ili wapita njia waione. Na wapita njia waliiona. Hilo ndilo lililotakiwa.

Wakati wa mapumziko Don Rolando alimwita Aníbal pembeni, akamwambia aachie bao moja, moja tu, kwa faida ya klabu, atakuja kuelewa siku za mbele. Aníbal alitikisa kichwa akarudi golini. Kipindi cha pili alidaka kila kitu. Mwishoni refa akawapa wageni penalti ambayo hata wageni wenyewe walitazamana. Aníbal akaidaka. Refa akasema alitoka kwenye mstari kabla, irudiwe. Ikarudiwa, ikaingia.

Bado watu hawajatoka jukwaani, Don Rolando alikwisha kushika maikrofoni ya redio, analia machozi ya kweli. "Nimewatumikia, ndugu zangu. Lakini nyumbani mwetu kuna nyoka. Mwulizeni kipa wetu pikipiki ile aliipata wapi."

Redio ilipokwisha, Deolinda alikuwa bado katika chumba cha kufulia. Ukuta unaotenganisha chumba hicho na cha kubadilishia nguo una matofali ya matundu ya kupitisha hewa, na upande wa pili, wachezaji walipokwisha kutoka, waliingia watu wawili: Don Rolando na Fretes, mweka hazina. Alisikia yote. Mechi ilikuwa imeuzwa siku nyingi. Don Rolando alikuwa ameahidiwa kiti kwenye meza ya wakubwa wa mpira, na sisi ndio tuliokuwa bei yake. Kisha Fretes akauliza, "Na kipa? Si atasema?"

Don Rolando akacheka kidogo. "Mbwa akibweka humpigi, Fretes. Unasema tu ana kichaa. Mawe watu watayatafuta wenyewe."

Deolinda alivua aproni akaenda kwenye kamati, mdogo wake kando yake, akasema aliyoyasikia: mechi imeuzwa, Don Rolando kapewa kiti. Neno la mbwa hakulisema. Aníbal alikuwa amekaa pale, na dada mtu hakuweza kutamka mbele yake jinsi alivyoitwa. Alilimeza.

Kamati walimsikiliza kama mnavyosikiliza mvua. Mmoja akasema, "Damu ni nzito, mama. Ungekuwa si dada yake tungekuamini." Fretes alikuwepo, anatazama kucha zake.

Kabla jua halijazama mawe yalifika nyumbani kwa kina Ovelar. Wa kwanza kurusha alikuwa Brítez, muuza nyama, na baada yake wengi, na si wahuni, ni watu wa kusalimiana, watu waliokuwa wameshirikiana na Aníbal komunyo ya kwanza. Vioo vyote vilikwisha. Pikipiki ilichomwa barabarani, moshi wake ukaingia nyumbani kwangu. Aníbal alitoka mlangoni na mikono wazi, kama anasubiri kona. Jiwe likampata juu ya jicho. Wiki hiyo hiyo alipanda basi la Buenos Aires, akawa mjenzi kama Waparaguay wengi wa kule, na hakurudi hata mama yake alipozikwa. Baridi moja, miaka baadaye, alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi, ghorofa za juu. Habari zililetwa na mtu aliyekuwa akifanya naye kazi. Walikuwa wamekwisha kumzika huko huko.

Watu walidhani Deolinda ataacha kazi. Hakuacha. Alifua jezi, alifua soksi, na Don Rolando alipomwomba amfulie na mashati yake meupe, maana hakuna aliyejua kupiga pasi kola kama yeye, alikubali. Nilimuuliza mara moja jinsi anavyoweza.

"Nikiondoka nani atamwangalia?" akasema. "Mwindaji hahami msitu kwa sababu ya mbu."

Na Don Rolando alipanda. Alikaa kwenye zile meza za mpira wa bara letu, akala kwenye hoteli za nchi ambazo sisi tunaziona kwenye ramani ya shule. Wakubwa wale walipoanza kukamatwa mmoja mmoja, naye aliguswa: akafungiwa nyumbani mwake, ndipo moyo ukamshika, ule mwaka wa dua, akapelekwa hospitali, madaktari wakaandika, mawakili wakasema, mwisho akaachiwa. Alirudi mjini kama mtu aliyetoka kuhiji. Watu walimpigia makofi kanisani. "Alizungukwa na wezi, maskini," walisema. Deolinda alikuwa kwenye benchi la nyuma. Naye alipiga makofi, taratibu, macho yamemkazia kisogoni.

Basi ndipo wakaja watu wa televisheni.

Walikuwa wanatengeneza tamthilia ya rushwa katika mpira wa Amerika Kusini, nchi moja moja, na sehemu yetu ilikuwa ichezwe Arroyo Pukú. Majina yalibadilishwa, lakini nani mjinga? Mwenyekiti katika tamthilia ana duka la vifaa vya ujenzi. Kipa ana pikipiki nyekundu. Don Rolando ndiye aliyewapa uwanja, ukumbi na nyumba yake ya kupigia picha, na kwa ukarimu huo akaomba kitu kidogo tu: mpwa wake, Wildo, asome mswada na akae karibu siku za kazi, ili jina la mji lisiharibiwe. Hivyo katika mswada mwenyekiti akawa mtu mwema, mdhaifu, aliyevutwa na marafiki wabaya. Na kipa akawa mwizi. Akauza mechi mara ya pili, maskini, naye yuko udongoni.

Deolinda alichukuliwa kuwafulia. Wildo mwenyewe ndiye aliyemweleza hadithi, akicheka, bila hata kukumbuka anaongea na nani. Usiku huo sikuona taa kwake. Asubuhi nilimkuta anafagia mlangoni, anafagia mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Wanamuua tena, Zunilda," akaniambia. "Sasa wanamuua kwa picha za rangi."

"Nenda kamwambie mwongozaji. Nasikia ni mwanamke mwelewa."

"Nilikwenda kusema mara moja. Nilipata nini? Safari hii sisemi mimi."

Aliyemwigiza mwenyekiti aliitwa Darío Benegas, mwigizaji wa Asunción, mtu mzima wa makamo, mwenye adabu. Walimpaka mvi, wakamfunga kitambi cha sponji. Alikuwa mtu wa kuipenda kazi yake. Alishinda na Don Rolando akila nyama yake na kumsikiliza, lakini alikuwa hana raha. Deolinda aliliona hilo. Akaanza na shati.

Lilikuwa shati jeupe la kuigizia, nalo lilikuwa moja tu. Darío akaja kulichukua, Deolinda akasema bado bichi. Akarudi baadaye: bado. Siku ya pili: bado. Na huo ulikuwa msimu wa upepo wa kaskazini, ule unaokausha hata mate mdomoni.

"Ña Deolinda," akasema Darío, "suruali yangu ilikauka kabla hujaifikisha kwenye kamba. Shati hili lina nini?"

"Lina aibu, kijana wangu. Kaa kwanza. Kunywa tereré."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Deolinda akamimina maji ya barafu juu ya majani ya tereré, akampa pembe ya kunywea, akapokea, akampa tena. Kisha akamuuliza, "Huyo unayemwigiza, unamjua?"

"Nimekaa naye. Ni mcheshi. Ananisimulia mpaka nacheka. Ila..." Akatafuta neno. "Ila nikienda kumwigiza, hakuna mtu ndani. Ni kama kuvaa koti la mtu aliyekwisha kwenda."

"Kwa sababu umepewa koti. Simama nikuonyeshe mtu."

Akamfundisha. Jinsi Don Rolando anavyompiga mtu shavuni, mara mbili, taratibu, kama anavyopigwa mtoto mzuri. Na anayepigwa hivyo, siku zake zimekwisha. Jinsi anavyolia: hashushi sauti, hupandisha, na jicho moja linaangalia nani amemwamini. Darío alikuwa mwepesi. Siku ya tatu, shati likiwa bado ndani ya beseni, alikuwa akizungumza kwa sauti ile ile, tumbo mbele, na Deolinda akaona sasa mtu yumo ndani.

Ndipo akamwambia lile neno. Alikuwa hajamwambia mtu hata mmoja. Hata mimi nilikuja kulijua baadaye. Akamweleza ukuta, matundu, Fretes, kila kitu.

Darío akageuka upande, akavuta pumzi, akacheka kidogo kile kicheko, na akasema, "Mbwa akibweka humpigi, Fretes..."

Hakumaliza. Deolinda alichomoa lile shati kwenye maji akamchapa nalo usoni, pa! Maji yakatapakaa ukutani. Mwigizaji wa watu akabaki anadondokwa maji, mvi za kupakwa zinamchuruzika shingoni.

Deolinda akaweka mkono mdomoni. Kisha akauondoa.

"Hapo hapo," akasema. "Ndivyo alivyosema. Usibadilishe kitu."

Darío akajifuta kwa kiwiko. "Mama, hata mwongozaji akiniruhusu, Wildo atalikata."

"Basi usiombe ruhusa. Wezi huomba ruhusa?"

"Kwa nini unaniamini mimi?"

"Sikuamini. Nakutumia. Shati lako njoo kesho, litakuwa kavu."

Onyesho la chumba cha kubadilishia nguo lilipigwa picha siku ya joto kali. Chumba ni kidogo. Wakishaingia watu wa kamera na wa taa hakuna nafasi hata ya paka. Don Rolando alichungulia, akasikia harufu ya jasho, akaenda zake kwenye kivuli kulikokuwa na nyama motoni. Wildo alikaa nje ya mlango na simu yake. Deolinda alikuwa upande wa pili wa matofali, mahali pale pale, mikono ndani ya sabuni.

Mara ya kwanza Darío aliigiza kama ilivyoandikwa: mwenyekiti analia, "Nimesalitiwa." Mara ya pili vivyo hivyo. Mwongozaji, Mireya Duarte, akasema warudie, kuna taa iliyumba. Mara ya tatu aliyeigiza mweka hazina akasema mstari wake, "Na kipa, mkubwa?", na Darío hakulia. Alimpiga mwenzake shavuni mara mbili, akacheka kidogo, akasema neno lile, polepole, hadi mwisho.

Mireya hakusema kamera isimame. Kamera iliendelea kumla uso.

"Hiyo imetoka wapi?" Mireya akauliza.

"Imetoka tu," akasema Darío.

"Wildo yuko wapi?"

"Nje, anaongea na mchumba," mtu akajibu.

"Mwacheni aongee. Hiyo ndiyo nitakayotumia. Na mwenye domo refu hapa ndani, kazi hana."

Mireya aliposafiri na mikanda yake, alikata na kuunga upya sehemu nzima kutokana na kile kipande kimoja. Sisi hatukujua. Miezi ilipita, Deolinda akarudi kanisani. Don Rolando akipiga chafya, mama anawasha mshumaa. Akisikia amekula mafuta mengi, anamtumia chai ya majani. "Mlezi wangu," Don Rolando alikuwa akimwita mbele za watu. Naye anainamisha kichwa.

Sehemu yetu ilionyeshwa ukumbini mwa klabu, Jumapili baada ya chakula cha mchana, kabla haijarushwa kwenye televisheni, kama shukrani kwa mji. Don Rolando alichinja. Mji mzima ulikula nyama yake na mkate wa mahindi na jibini, watoto wakapewa soda, kisha tukaingia ukumbini, mapazia yakashushwa. Yeye alikaa mbele katikati, kwenye kiti chenye mikono, amevaa shati jeupe. Deolinda ndiye aliyelipiga pasi asubuhi ile, nami nilimwona: alilipiga kama anavyopiga pasi nguo ya maiti, bila kuacha mkunjo hata mmoja.

Mwanzoni watu walikuwa wanacheka na kuonyeshana. "Tazama, lile ni paa la kwangu!" "Ña Obdulia, ng'ombe wako kawa nyota!" Don Rolando alikuwa akigeuka huku na huku, anapokea pongezi. Mechi ikaja, penalti ikaja, na yule kijana aliyeigiza kipa akadaka, na watu, kwa mazoea ya mpira, wakashangilia. Kisha wakakumbuka wanamshangilia nani, wakanyamaza.

Chumba cha kubadilishia nguo. Mweka hazina anauliza. Uso wa Darío umejaa ukuta mzima, kile kicheko kidogo kinasikika. "Mbwa akibweka humpigi. Unasema tu ana kichaa. Mawe watu watayatafuta wenyewe."

Kiti chenye mikono kikaburuzwa, na kivuli cha Don Rolando kikasimama katikati ya picha, uso wa mwigizaji ukimtambaa mgongoni.

"Nani kakupa hilo?" Alikuwa anamwuliza mtu wa ukutani. "Nani? Tulikuwa wawili tu mle ndani! Hapakuwa na mtu! Fretes... Fretes ni maiti!"

"Mjomba, kaa," Wildo anamvuta mkono. "Mjomba, ni mchezo tu huo."

"Fretes alisema? Alimwambia nani?"

"Washeni taa," sauti ya mtu mzima ikasema nyuma.

Taa ziliwashwa. Hakuna aliyekuwa akitazama ukuta tena. Don Rolando aligeuka akatuona, watu wote wale aliokuwa amewalisha, na nikaona jicho moja linatafuta nani amemwamini. Lilizunguka ukumbi mzima. Halikupata pa kutua.

Deolinda akasimama mwisho kabisa, karibu na mlango.

"Endelea, Don Rolando," akasema. "Watu wanakusikiliza. Mara ya mwisho ulitumia maikrofoni, leo sauti yako inatosha."

"Wewe," akasema. Basi. Akaanza kuelewa, ilikuwa kama kuona maji yanapanda ndani ya glasi. "Wewe ulikuwa unanifulia."

"Na kukuombea. Bikira shahidi yangu. Nilimwomba akuweke mpaka leo."

"Ndugu zangu," akawageukia watu, "huu ni mchezo wa televisheni..."

"Mchezo upi, Don?" akadakia Ña Obdulia mwenye ng'ombe. "Ule uliouuza au huu uliotununulia soda?"

Watu walianza kutoka, na katika kutoka kila mmoja alipita mbele yake bila kumtazama. Mwenye sahani ya nyama mkononi aliiweka sakafuni karibu na viatu vyake. Mwingine naye akaweka. Alipobaki peke yake na Wildo, alikuwa amezungukwa na sahani.

Hakufungwa. Sheria ilikuwa imekwisha kumaliza naye, na mechi ile ni ya zamani. Lakini kinyozi alipomwona anakuja alikuwa akifunga duka mchana. Kanisani benchi lake lilibaki na yeye tu. Wavulana wakipita nyumbani kwake usiku walikuwa wanabweka, na hilo Deolinda hakuwazuia; nilimwona akiwapa peremende. Mkewe akaenda kwa binti yao mji mkuu, na mwishowe Don Rolando akapakia vitu vyake naye akaondoka. Siku hiyo Deolinda alitoa kiti nje, akakaa barabarani kivulini mwa mti wa lapacho, gari likapita karibu naye polepole kwa sababu ya mashimo. Walitazamana. Deolinda hakutabasamu. Gari lilipopotea akaniambia, "Nilidhani nitashiba."

Sasa ikabaki zamu yetu sisi wa mji. Klabu ilimtumia wajumbe: wanataka lango la kaskazini la uwanja liitwe kwa jina la Aníbal, na kibao kiwekwe. Aliwapokea wamesimama mlangoni.

"Jina lake mlilichafua bure," akawaambia. "Hamtalitumia bure."

Akaacha kazi ya klabu siku hiyo hiyo.

Kisha akaja Brítez, muuza nyama, mzee sasa, kofia kifuani na fungu la maua mkononi, nyuma yake wazee wengine wanne au watano ambao sote tunajua kwa nini walikuja. Nilikuwa ninamwagia maua yangu, nikasikia kila neno.

"Ña Deolinda, hatuna la kusema."

"Ulirusha kwa mkono gani?"

"Eti?"

"Jiwe. Ulirusha kwa mkono gani?"

Mzee akainua wa kulia, taratibu, kama mtoto darasani.

"Basi maua yashike kwa huo huo, umpelekee mwenyewe. Mimi si kaburi." Akawatajia makaburi yalipo, kule Buenos Aires, pembezoni, jina la mtaa, basi la kupanda. "Nendeni wote. Mkimwona, mwambieni yeye."

Sikutarajia watakwenda. Walikwenda. Wazee wale, mmoja na fimbo, walipanda basi usiku na mchana, wakavuka mpaka, na walikaa huko siku kadhaa kwa mpwa wa mmoja wao. Waliporudi walikuja moja kwa moja kwake bila hata kupitia majumbani, vumbi la safari mwilini. Brítez bado alikuwa na yale maua, yamekuwa kama majani ya chai.

"Hayupo," akasema. "Tumetafuta mstari kwa mstari, Ña Deolinda. Msimamizi akasema makaburi ya wasio na ndugu wa kuyatunza hufukuliwa baada ya miaka, mifupa hupelekwa kwenye shimo la wote. Hata shimo lenyewe hajui ni lipi."

"Najua," akasema Deolinda.

Wazee wakatazamana.

"Unajua?"

"Nilikwenda nilipopata nauli. Nilikuwa nimechelewa."

"Ulijua hakuna kitu, na ukatutuma?" Sauti ya Brítez ilivunjika, sijui kwa hasira au kwa kilio. "Sisi na miguu hii? Kwa nini, mama?"

Deolinda alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Alikuwa amezeeka, nikaona. Sijui ilitokea lini.

"Mimi nilizunguka makaburi yale peke yangu tangu asubuhi hadi walipofunga geti," akasema. "Nikisoma majina ya watoto wa watu. Nilitaka na nyinyi mtafute."

Mmoja aliyekuwa na fimbo aliketi pale pale kwenye ngazi, miguu imemshinda. Deolinda alimtazama kwa muda. Kisha akaingia ndani, na sisi sote tukasikia komeo likigonga.

Mzee yule aliomba maji. Niliyaleta mimi.